Msumari, mpira wa maji na nondo: shajara ya kupima ngazi za bahari kusini mashariki ya Unguja

Mstari wetu wa kupimia unaanzia ufukweni, baina ya Jambiani na Makunduchi, unapanda juu kuelekea maweni, yaani kwenye ardhi ya jiwe la tumbawe, kwa kama kilomita mbili na nusu. Wapimaji ni mimi, mwalimu wa jiografia, wanafunzi sita wa skuli wanaokuja wakitaka, na shangazi yangu mwenye konde huko juu. Naandika kila hatua inapomalizika. Mwenye haraka aruke maelezo asome makosa, maana ndiyo yaliyotula muda na fedha.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kuanza, na simu kutuzamisha

Wazo lilitoka mbali. Kwenye pwani ya Mendocino, California, ardhi imepanda kutoka baharini ngazi baada ya ngazi. Ziko tano, kila moja kama mita 30 juu ya iliyo chini yake na kongwe kuliko hiyo kwa miaka kama 100,000. Ya chini ina majani, ya pili ina misonobari mirefu na redwood, na ya tatu ina msitu wa vibeti: miti yenye umri wa miaka mia na ushei inayomfika mtu kifuani. Hali ya hewa ni moja na bahari ni moja. Kilichotofautiana ni umri wa udongo. Mvua imeuosha mchanga wa juu mpaka ukabaki mweupe na mchachu, na chini yake chuma kimegandamana kuwa sakafu ambayo mizizi haipenyi.

Nikajiuliza: na sisi si tuna ngazi? Kila mtu wa kusini anaijua. Unatoka kwenye mchanga wa minazi, unapanda genge la jiwe, unatembea tambarare, unapanda tena. Lile jiwe ni tumbawe lililokufa. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita sita mpaka tisa, na matumbawe yakajenga miamba yao hapo tunapolima muhogo sasa. Ukivunja jiwe unakuta kombe ndani yake, na watoto hawachoki kuvunja.

Basi tukaanza kwa simu. Simu yangu ikasema ufukwe uko mita 26 chini ya bahari. Ya mwanafunzi mmoja ikasema mita 2 juu. Tumesimama bega kwa bega, miguu imelowa. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba setilaiti hazipimi kutoka baharini. Zinapima kutoka kwenye umbo la hesabu linalokisia duara la dunia, na kwenye pwani yetu uso wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Simu nyingine zina jedwali la kusahihisha ndani yake, nyingine hazina. Ukichanganya simu mbili kwenye mstari mmoja umejitengenezea genge ambalo Mungu hakuliumba.

Tumeachana na simu. Tunatumia mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonesha ndani ambao mafundi wanasawazishia misingi. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja, hayajui siasa. Nimenunua mita 20 kwa shilingi 24,000.

Sifuri tuliiweka pale maji yalipoishia mchana yalipojaa. Tukachora mstari kwa chaki kwenye mwamba, tukapanda genge la kwanza, tukaenda nyumbani tumefurahi.

Jumamosi, 15 Februari. Bamvua

Wavuvi wangetucheka, na mmoja alitucheka kweli. Wiki iliyopita yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Leo ni siku ya tatu baada ya mwezi kuwa mpevu, ndiyo bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, na jioni maji yalipojaa mstari wetu wa chaki haukuonekana kabisa, ulikuwa chini. Tulipopima tofauti ilikuwa karibu mita moja. "Mwalimu," akasema yule mvuvi, "umepima bahari ikiwa imelala."

Hesabu ya wiki ya kwanza yote imetupwa.

Suluhisho: sifuri isiwe maji. Tumepigilia msumari wa inchi nne kwenye uso wa genge, juu ya pale bamvua inapofika, tukaupaka rangi nyekundu na kuuita K0. Urefu wote kuanzia leo ni juu ya msumari. Mwenye kutaka kujua urefu juu ya bahari atapima mwenyewe kutoka msumari kushuka, siku na saa akiijua.

Kosa la pili la leo lilikuwa pumzi. Tulijaza mpira kwa kuumiminia maji kwa kopo, ukaingia mapovu, na povu moja katikati ya mpira likatupa kosa la sentimita 60 bila sisi kujua. Tulishtuka tu tuliporudi kwa njia ileile na namba zikakataa kukutana. Sasa tunauweka mpira mzima ndani ya ndoo, tunanyonya maji upande mmoja taratibu mpaka yatiririke, na tumeyatia chai ya rangi ili povu lionekane. Kila mara tunapima kwenda na kurudi. Mara ya mwisho tofauti ya kwenda na kurudi ilikuwa sentimita 4, nikaikubali.

Wakati wa kusubiri maji yapwe nilipata nafasi ya kuliangalia genge lenyewe. Chini yake bahari imelila jiwe likawa kama mdomo uliofunguka, na mwamba wa juu umening'inia. Kila genge linalopigwa na maji kwetu lina mdomo huo, kuanzia Kizimkazi mpaka visiwa vidogo vya upande wa mjini. Ukikuta mdomo kama huo bara, umekauka na popo wanalala ndani yake, basi ujue hapo palikuwa ufukwe.

Jumamosi, 22 Februari. Mpira wa pili

Jiwe la maweni ni kisu. Mpira tuliukokota juu yake mita mia mbili tu, likauchana pahala pawili. Mwanafunzi mmoja aliyekuja na ndara naye akachanika. Mpira mpya, shilingi 24,000 nyingine. Sasa haukokotwi: mtu wa katikati anaubeba begani, na pa kuulaza tunatanguliza gunia. Hili lingeweza kuandikwa kwenye mstari mmoja, lakini limetugharimu kuliko kosa lolote jingine la vifaa, basi nalipa heshima yake.

Tumefika juu ya ngazi ya kwanza, kituo tulichokiita K2, mita 4.8 juu ya msumari. Tambarare yake inabaki baina ya 5.6 na 6.1 kwa mwendo mrefu, ukitazama kwa macho unaapa ni sakafu.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Tunasimama.

Jumamosi, 19 Aprili. Nondo na udongo usiokuwepo

Kupima urefu kumekwisha: mizunguko zaidi ya 140 ya mpira kwa jumla, siku mbili baada ya Sikukuu tulizitumia kwa hilo peke yake. Ngazi ya pili inaanza mita 11.4 juu ya msumari, ya tatu mita 18 na kitu. Vituo ni tisa.

Sasa udongo. Tumechukua nusu ya nondo ya milimita 8, fundi wa kuchomea akainoa ncha na kutia mkono wa kushikia. Unaisukuma chini mpaka igome, unasoma kina. Kituo cha K4 tulichoma mara 20 tukatoa wastani: sentimita 19. Nikaandika "udongo wa wastani".

Shangazi alikuwa amesimama na jembe lake anatazama. "Mwanangu, hapo sentimita 19 ziko wapi? Nioneshe nipande."

Nikarudi kwenye daftari. Kati ya mara 20, mara 13 nondo iligota kabla ya sentimita 10. Mara nne ilifika baina ya 10 na 30. Mara tatu ilizama, moja karibu mita nzima. Sentimita 19 nilizoziandika ni kina ambacho kwenye kituo kile karibu hukioni popote. Ni jiwe tupu lenye matundu, na udongo wote umekaa kwenye matundu.

Hapa ndipo mfano wa California uliponivunjikia mkononi. Kule mvua inaosha mchanga, mchanga unabaki palepale ukiwa umefilisika. Kwetu mvua inakula jiwe lenyewe. Maji ya mvua yana uchachu kidogo, yanayeyusha chokaa, yanaingia kwenye ufa, ufa unakuwa shimo, shimo linakuwa pango. Kinachobaki ni kile kisichoyeyuka, udongo mwekundu wa mfinyanzi na chuma, pamoja na vumbi lililoletwa na upepo, na vyote vinateremka kwenye shimo. Kwa hiyo udongo wetu haukulala kama mkeka. Umemwagwa kama wali kwenye vikombe, na baina ya vikombe ni sahani tupu.

Tumebadili fomu. Haturipoti wastani tena. Kila kituo tunaandika idadi tatu: ngapi chini ya sentimita 10, ngapi 10 mpaka 30, ngapi zaidi ya 30. Tumerudia vituo vyote. K4 ya ngazi ya kwanza: 13, 4, 3. K6 ya ngazi ya pili: 9, 5, 6. K9 ya ngazi ya tatu: 12, 5, 3. Nilitarajia kadiri unavyopanda ndivyo jiwe linavyokuwa kongwe na matundu kuwa mengi. Ngazi ya pili ilinipa moyo, ya tatu ikaniaibisha. Juu kule jiwe ni gumu, limeng'aa, nyufa zake chache na mbali mbali. Umri peke yake haukutosha. Bila ufa wa kuanzia maji hayana pa kung'ata.

Tahadhari kwa anayeiga: nondo ikigota, isogeze kiganja kimoja uchome tena kabla hujaandika. Mara nyingi inagota kwenye jiwe lililolegea, si kwenye mwamba. Tulipofanya hivyo K6 namba tatu kati ya ishirini zilibadilika, na hizo hapo juu ndizo zilizosahihishwa.

Jumamosi, 3 Mei. Siki

Mvua ya masika imetupa saa mbili tu za kazi. Tulitaka kujua udongo upi una chokaa: unatia siki, ukitoa mapovu chokaa ipo. Vituo vyote tisa vilitoa mapovu. Nikafikiri nimepata jambo kubwa, mpaka mwanafunzi mmoja akauliza ndoo tuliyochukulia sampuli imetoka wapi. Imetoka kwenye ujenzi wa ukuta wa jirani. Ilikuwa imebebea chokaa mwezi mzima.

Tukaosha mikono, tukachukua sampuli upya kwenye majani ya mgomba. Jibu likageuka. Mchanga wa ufukweni, K1, unachemka kama soda, na si ajabu, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Lakini udongo mwekundu wa ndani ya mashimo, uliozungukwa na jiwe la chokaa pande zote, haukutoa hata povu moja ukichukuliwa katikati ya shimo. Ukichukuliwa pembeni, unaokwangua jiwe, unatoa. Sentimita kumi zinatenganisha udongo wenye chokaa na usio nayo.

Mpapai wa shangazi ulio njano upande mmoja wa konde nimeanza kuutazama kwa jicho jingine, huenda ni chokaa, ila sitasema zaidi mpaka nipime mashina mengi.

Na jambo dogo la K8, ambalo tungelipita. Pale pana uwanda wa majani matupu, ukubwa wa kiwanja cha mpira, vichaka vimeuzunguka. Wanafunzi walisema watu wamefyeka. Nondo ikasema vingine: mara 20 kati ya 20 iligota baina ya sentimita 6 na 11. Chini ni jiwe bapa lisilo ufa. Leo baada ya mvua maji yalikuwa yamesimama juu yake, na mtu wa ng'ombe anasema hukaa siku mbili au tatu. Masika mizizi inazama majini, kiangazi inakaangwa. Majani yanavumilia hayo, mti hauvumilii. Ndiyo mahala pekee kwenye mstari wetu ambapo jiwe lenyewe, bila shoka la mtu, limechagua kinachoota.

Jumamosi, 14 Juni. Miti, na kosa kubwa kuliko yote

Tulihesabu miti kila kituo. Ngazi ya kwanza: vichaka vya mkwamba na msiliza, mibuyu mmoja mmoja, mikwaju karibu na nyumba. Ngazi ya pili: vichaka vifupi zaidi, ijapokuwa ndiyo yenye mashimo mengi ya udongo. Ngazi ya tatu: miti mirefu kidogo. Kinyume na udongo kabisa. Nilikaa na karatasi ile siku tatu nikitafuta sababu ya kisayansi, na nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa juu ya chumvi ya upepo wa kusi.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji, nikamwonesha ramani yangu. Akaniuliza kwa upole kama najua tanuri ya chokaa inakula kuni kiasi gani. Ngazi ya pili ilikatwa kwa ajili ya matanuri, ikaja ikalimwa mtama, ikaachwa, ikakatwa tena. Ya tatu iko mbali na barabara, basi imeponea. Nilikuwa sipimi ngazi, nilikuwa napima umbali wa kubeba mzigo wa kuni kichwani.

Nusu ukurasa wa chumvi nimeuchana.

Dawa yake ni kutafuta mahala pasipokatwa kwenye ngazi hiyohiyo. Kusini huku mahala hapo panajulikana: kwenye mizimu, kwenye mapango ambako watu hawavunji hata kijiti. Tuliomba ruhusa, tukaambiwa tuingie watu wawili tu, bila nondo, bila kisu. Sawasawa. Kwa macho tu: miti inayozidi urefu wa nyumba ya ghorofa moja, kivuli kizito, majani yaliyooza yamefunika mawe. Mita mia nje yake, kwenye jiwe lilelile na urefu uleule juu ya msumari, kichaka kinanifika kiunoni. Kwa hiyo kipimo chetu cha miti cha vituo tisa hakifai kusema lolote juu ya ngazi. Nimekiacha kwenye daftari na alama ya msalaba ili mwingine asikirudie.

Ukitaka msitu mkubwa wa Unguja unakwenda Jozani, nao haupo juu ya ngazi yoyote. Uko bondeni, baina ya maweni, ambako maji ya chini yako karibu na udongo una kina. Masika msitu unasimama ndani ya maji. Mitondoo, michikichi na mikindu inakua pale kwa sababu pako chini. Ukivuka mpaka wa maweni, hatua chache tu, mti unakuwa kichaka. Niliwapeleka wanafunzi kuuona mpaka huo kwa miguu yao, na kima punju wakatutazama kama sisi ndio wageni, ambayo ni kweli.

Nilipokuwa njiani nilisimama pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta humo mifupa ya wanyama wa nyika, mpaka pundamilia. Pundamilia haogelei kutoka Bagamoyo. Enzi ya barafu bahari ilishuka zaidi ya mita mia, Unguja ikawa sehemu ya bara, na jiwe tunalolipima lilikuwa kilima mbali na maji. Pemba haikuwahi kuunganishwa hivyo, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Jumamosi, 26 Julai. Ngezi

Pemba imenikera kwa uzuri. Nilikuwa nimekwishakata tamaa ya kukipata kwetu kile kisa cha California, mvua kuufilisi mchanga mpaka miti ikapungua, nikakikuta Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba. Hakiko kwenye jiwe la tumbawe. Sehemu moja ya msitu ina udongo mzuri na miti mirefu, mivule ikiwemo. Sehemu nyingine ina mchanga wa kwarzi uliooshwa mpaka ukawa mweupe, na juu yake kuna vichaka vya mmea unaoitwa Erica mafiensis, wa ukoo wa mimea ya milima ya baridi. Nilitia siki kwenye mchanga wa kando ya njia: kimya, hakuna povu.

Kosa la safari hii ni langu. Sikuomba kibali cha kuchoma nondo mapema, na askari wa msitu, kwa haki kabisa, alinizuia. Nimerudi na macho tu na daftari. Anayekwenda aanze na barua wiki mbili kabla.

Gharama mpaka leo

Mipira miwili 48,000. Nondo na fundi 12,000. Siki chupa tatu 6,000. Kamba, misumari na rangi 8,500. Daladala na bodaboda za Unguja 31,000. Chai na mandazi ya wapimaji 28,000. Jumla shilingi 133,500, bila ya nauli ya Pemba ambayo niliitoa kwenye mfuko wangu na mke wangu anaijua hesabu yake. Asiyekokota mpira juu ya mawe ataokoa 24,000.

Nondo kwa sasa iko kwa shangazi. Anaichoma kabla ya kupanda mipapai, ameshaacha mashimo mawili aliyoyaamini kwa rangi yao nyekundu na yakawa hayafiki sentimita 15.

Msumari wa K0 umeanza kuliwa na kutu. Nimepigilia wa pili, wa shaba, sentimita 40 kulia kwake na usawa uleule kwa mpira. Anayetaka kuendeleza mstari aanzie huo wa shaba.